Mfukoni mna nini?

Mazungumzo ya redio kwa ajili ya amani. Kwa familia zilizohama vita na kwa viongozi wa vijiji vya Kamanyola na uwanda wa Ruzizi.

 

Leo sitazungumza juu ya mikutano ya wakubwa. Hiyo mnaisikia kila siku katika habari. Nitazungumza juu ya nguo moja tu. Ni ile jile yenye mifuko mingi, ambayo wengine wanaiita kizibao. Haina mikono. Ina mifuko minne mbele, mingine sita, mingine kumi, na ndani kuna mingine isiyoonekana. Mnaifahamu. Mpiga picha wa harusi anaivaa. Mwandishi wa habari anaivaa. Mtu wa shirika anaivaa, ikiwa na jina la shirika mgongoni. Mwenye kubadilisha pesa anaivaa, na muuza yuniti za simu pia.

Lakini mnajua tena kwamba kuna mwingine anayeivaa kwa sababu nyingine. Chini yake kuna bastola, au guruneti, au risasi. Basi swali la leo ni hili: mfukoni mna nini? Na je, yule anayekutazama kutoka mbali atajuaje?

1. Kwa nini watu wanaipenda

Tuanze kwa haki. Mtu wa Kamanyola ana sababu nzuri ya kupenda mifuko mingi. Tazameni mahali tunapokaa. Ukivuka Ruzizi uko Bugarama, Rwanda. Ukisogea kidogo uko Burundi. Barabara moja inapanda Ngomo kwenda Bukavu, nyingine inakwenda Luvungi, Sange na Uvira. Mfanyabiashara mdogo wa hapa anashika faranga za Kongo, faranga za Rwanda, faranga za Burundi, na dola. Akizichanganya katika mfuko mmoja atapata hasara kabla ya saa sita. Basi anatenga: huku za Kongo, huku za Rwanda, huku za Burundi, na dola karibu na moyo.

Tena kuna sisi tuliokimbia. Mwezi wa Februari 2025 vita vilifika Bukavu, kisha vikafika hapa Kamanyola. Mwezi wa Desemba 2025 vikateremka uwanda wote mpaka Uvira, na maelfu ya watu wakavuka kwenda Burundi. Na kabla ya hapo wazee wetu walikimbia mwaka 1996, wakakimbia tena mwaka 1998. Mtu aliyekimbia usiku mara mbili au tatu anajifunza jambo moja: kile ulichovaa ndicho utakachofika nacho. Sanduku linaachwa. Godoro linaachwa. Lakini kadi ya mpigakura, karatasi za shule za watoto, dawa ya mama, tochi na simu, vikiwa ndani ya jile, vitafika. Kwa mtu wa namna hiyo jile ni nyumba ndogo anayotembea nayo.

Kwa hiyo sikuja kumcheka mtu, wala kumwambia mtu avue nguo yake leo. Nataka tu tuelewe jinsi nyumba hiyo ndogo inavyoweza kutuletea kifo.

2. Yaliyonipata mimi mwenyewe

Niwaambie yangu. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nateremka kwa gari kutoka Bukavu. Nilivaa jile ya rangi ya majani makavu, niliyoinunua kwenye mitumba kwa bei nafuu. Ndani mlikuwa na daftari, kalamu mbili, vidonge vya presha vya mama yangu, na redio ndogo ya betri mbili. Redio ilikuwa katika mfuko wa ndani, upande wa kushoto. Mimi niliona nimejipanga vizuri.

Tulifika penye bariere. Sitataja ni ya nani. Wenye bariere wamebadilika mara nyingi, na somo ni lile lile. Kijana mmoja mwenye bunduki alitutazama, akaona kifua changu kimevimba upande mmoja. Akauliza, «Una nini hapo?» Na mimi, kwa kutaka kumwonyesha upesi kwamba sina ubaya, nikapeleka mkono ndani.

Ndugu wasikilizaji, hilo ndilo kosa lililotaka kuniua. Sikusema neno. Nilipeleka mkono tu. Bunduki ilikuwa usoni pangu kabla vidole havijagusa redio. Aliyeniokoa ni mama mmoja muuza ndizi, aliyeketi nyuma yangu. Alipiga kelele, «Ni redio! Baba, ni redio, tumeisikiliza njia nzima!» Nilipigwa, pesa zikachukuliwa, lakini niko hai na ninazungumza nanyi.

Nilipokuwa nimekaa chini, yule kijana aliniambia neno ambalo sikulisahau. Alisema, «Wiki iliyopita mtu aliyevaa kama wewe alitoa bastola.»

Tazameni. Simjui mtu yule wa wiki iliyopita. Sijui alitoka wapi wala alikwenda wapi. Lakini bastola yake, aliyoificha katika jile yake, iliacha kivuli juu ya jile yangu. Yeye alikwisha kupita. Mimi ndiye niliyelipa.

3. Silaha iliyofichwa haifichiki

Baadaye nilikuja kujua kwamba hata mbali, watu wenye kuficha bastola kwa ruhusa ya sheria wamelijua jambo hili. Katika majimbo mengi ya Marekani raia anaruhusiwa kubeba bastola iliyofichwa chini ya nguo. Wengi wao walipenda jile ya wapiga picha, kwa sababu inafunika kiuno na kifua hata wakati wa joto, wakati koti lingeshangaza watu. Lakini kila mtu akaizoea na kuitambua. Mwisho wao wenyewe wakaipa jina la mzaha: «jile ya nipige mimi kwanza.» Yaani, mwizi akiingia dukani na kuwaona watu kumi, atampiga risasi kwanza yule mwenye jile, maana anafikiri huyo ndiye mwenye bastola.

Basi kama ni hivyo katika nchi ambako mtu huyo ana karatasi ya ruhusa mfukoni, itakuwaje kwetu? Kwetu sheria namba 85-035 ya tarehe 3 Septemba 1985 inakataza raia kushika silaha bila ruhusa ya serikali. Kwetu mtu anayeficha bastola sokoni haonyeshi karatasi kwa mtu. Na yule anayemwogopa hana muda wa kuuliza karatasi.

Wazee walisema, mficha maradhi kilio kitamfichua. Silaha ni hivyo hivyo. Unaweza kuifunika, lakini nguo inavutwa upande mmoja kwa uzito. Unakaa umeinama. Mkono wako unagusa mahali pale kila mara. Adui yako anaiona kabla ya jirani yako. Kwa hiyo inayefichwa kwa kweli si mwenye silaha. Kinachofichwa ni ukosefu wa hatia wa wale wengine wote waliovaa kama yeye: mpiga picha, muuza yuniti, muuguzi, baba mwenye vidonge vya presha.

4. Mtego kwa raia wote

Sheria ya vita, yaani Mapatano ya Geneva ya mwaka 1949 pamoja na protokoli zake za mwaka 1977, inatenganisha watu wawili: mpiganaji na raia. Raia asipigwe. Protokoli ya kwanza inasema tena kwamba, kukiwa na mashaka, mtu ahesabiwe kuwa raia. Hayo ni maneno mazuri, nasi viongozi lazima tuyarudie mbele ya kila mwenye bunduki, wa upande wowote.

Lakini sheria hiyo inasimama juu ya jambo moja: kwamba raia aonekane raia. Raia anayeingia vitani, kwa muda ule anaopigana, anapoteza ulinzi huo. Na mpiganaji anayevaa kama raia ili afiche bunduki anawaibia raia nguo yao. Kesho askari wa upande mwingine atasema, «Hawa wote ni wamoja.» Mmekwisha kulisikia neno hilo. Baada ya neno hilo huja risasi.

Kamanyola inajua jinsi hofu inavyofanya kazi kwa haraka. Tarehe 15 Septemba 2017 wakimbizi wa Burundi walikusanyika hapa kudai wenzao waliokamatwa. Askari walipiga risasi kwenye umati, na wakimbizi zaidi ya 30 wakafa. Mwezi wa Machi 2018 wengi waliobaki walivuka kwenda Rwanda. Sisemi kwamba nguo ndiyo iliyoleta kifo kile. Nasema kwamba penye bunduki na umati na hofu, hakuna anayepewa nafasi ya kujieleza. Kwa hiyo kila jambo linalopunguza hofu, hata liwe dogo kama mfuko, ni kazi ya amani.

5. Tufanye nini?

Kwanza, sisi tunaovaa. Ukiwa na jile ya rangi ya kijeshi, au yenye madoadoa ya kijeshi, usiivae njiani. Hata ikiwa nzuri. Hata ikiwa ndiyo pekee uliyopewa. Ibadilishe, au ipake rangi nyingine, au ikate uwashonee watoto mfuko wa daftari. Jile yenye jina la shirika usiyofanyia kazi, usiivae vilevile. Jina lile ni ulinzi wa muuguzi na wa mwenye kuleta chakula. Ukilichukua, unamwachia yeye hatari.

Vitu vyako vigawanye. Karatasi za maana zifunge katika plastiki inayoonyesha ndani, uzivae shingoni au kiunoni. Vitu vigumu vyenye umbo la kutisha, kama redio, tochi ya chuma, au betri ya simu, viweke katika kikapu au mfuko wa mkononi, mahali vinapoonekana. Vya kifuani viwe vyepesi.

Na penye bariere, kumbukeni kosa langu. Mkono usitangulie mdomo. Sema kwanza: «Ni redio. Iko mfuko wa kushoto. Nitoe mimi, au utoe wewe?» Ngoja jibu. Mikono iwe mbali na kifua. Mfundisheni hivyo mtoto wa kiume wa miaka 13 na 14, maana huyo ndiye anayeshukiwa zaidi, na ndiye anayeshtuka upesi.

Tena, usibebe cha mtu. Akikuambia, «Niwekee hiki mpaka ng'ambo ya soko», kataa kwa upole. Hasa ninyi mama, msikubali kufichiwa kitu katika kitenge cha mtoto.

Pili, mama wanaofua. Ninyi mnajua siri za mifuko kabla ya chifu. Ukikuta risasi, au guruneti, katika nguo ya mume au ya kijana, usiivute pini, usiitikise, usiitupe jalalani wala mtoni. Watoto wataikuta. Iache pale pale, wondoe watoto, mwite mtu mzima unayemwamini, apeleke habari kwa wanaojua kuondoa mabomu. Na baadaye zungumza na mwenye nguo. Usimpigie kelele mbele ya watu. Muulize, «Unaogopa nini?» Maana mara nyingi kijana aliyeficha silaha ni kijana anayeogopa. Amechukuliwa ng'ombe, au dada yake ameteswa, au ameambiwa kwamba jina lake liko katika orodha. Hofu yake ni ya kweli. Lakini bastola moja chini ya jile haitalinda nyumba dhidi ya watu ishirini wenye bunduki. Itawapa sababu tu ya kuichoma.

Tatu, mafundi wa cherehani. Nanyi mna neno kubwa hapa. Kuna mifuko inayokatwa kwa kipimo cha magazini ya bunduki, ile ya risasi 30: mirefu, myembamba, imepangwa sambamba kifuani mitatu au minne. Fundi anajua anashona nini. Napendekeza mafundi wa soko la Kamanyola mkae pamoja, mkubaliane: mifuko yetu iwe mipana na mifupi, iwe pembeni au chini, na kitambaa kiwe cha rangi inayong'aa. Mteja wa pesa atafurahi. Mteja wa risasi hatarudi. Najua fundi mmoja peke yake hawezi kumkatalia mtu mwenye bunduki. Ndiyo maana nasema mkubaliane wote, ili kila mmoja aweze kujibu, «Hapa hatuna kielelezo hicho.»

Nne, viongozi: machifu wa vijiji na wa grupima, wachungaji, mapadri, mashehe, wakuu wa kamati za waliohama. Mmeona kwenye magari na milango ya hospitali ile picha ya bunduki iliyokatwa kwa mstari mwekundu. Maana yake: hapa silaha haiingii, hata ya rafiki. Tuiweke sokoni, shuleni, kanisani, msikitini, na penye kambi. Lakini picha peke yake ni rangi tu. Kamati iende, wanawake na wanaume pamoja, iwaombe wakubwa wa kila upande wenye silaha wakubali jambo moja dogo: mtu wao akija kununua unga, aache bunduki nje, wala asiifiche chini ya nguo. Wengine watakataa. Nendeni tena.

Na msiwape vijana kazi ya kupekuapekua wenzao. Tumeona inavyogeuka kuwa kodi, na kuwa njia ya kulipiza kisasi kwa kabila fulani. Mpekuzi wa leo ndiye mwenye bariere wa kesho.

6. Silaha inaweza kuwa cherehani

Kuna atakayesema, hayo ni maneno ya redio tu. Lakini mambo haya yamefanyika. Msumbiji walipigana miaka mingi mpaka mwaka 1992. Mwaka 1995 Baraza la Makanisa la nchi ile, pamoja na Askofu Dinis Sengulane, lilianza kuwaambia watu: leta bunduki, upewe jembe, au baisikeli, au cherehani. Watu walileta. Bunduki zilikatwakatwa, na mafundi wakatengeneza viti kutokana na vipande vyake. Kimoja cha viti hivyo kiko London, katika Jumba la Makumbusho la Uingereza, watu wanakitazama. Na hapa kwetu Kongo, huko Katanga, shirika la makanisa liitwalo PAREC lilitoa baisikeli kwa aliyerudisha bunduki.

Angalieni lile neno: cherehani. Mtu alifika na bunduki aliyoificha, akarudi nyumbani na mashine ya kushonea. Sisi tunaanza upande mwingine. Cherehani tunazo. Tuombe zisishonee bunduki nyumba.

Jina la Kamanyola lilijulikana nchi nzima kwa ajili ya vita. Mobutu alipigana hapa na waasi mwaka 1964, akalipa jina hilo divisheni ya jeshi lake, na hata uwanja mkubwa wa mpira wa Kinshasa, mpaka ulipobadilishwa jina mwaka 1997 ukaitwa uwanja wa Mashahidi. Ningependa siku moja jina letu lijulikane kwa jambo jingine: kwamba ni mji ambao ukimwuliza mtu, «Mfukoni mna nini?», anafungua bila woga, na ndani mna faranga za nchi tatu, kalamu, na vidonge vya mama yake.

 

Maswali ya kuzungumzia katika kikundi

1. Katika kijiji chetu au kambi yetu, ni nguo gani zinazowatia watu hofu? Kwa nini?
2. Kila mmoja aonyeshe jinsi anavyobeba karatasi zake na pesa zake. Tunaweza kusaidiana vipi kuzibeba bila kushukiwa?
3. Mzazi akigundua kwamba kijana wake anaficha silaha, amwendee nani kwanza? Je, mtu huyo yuko kati yetu?
4. Ni mahali gani pawili tunapoweza kuanza kusema, «Hapa silaha haiingii»? Nani atakwenda kuzungumza na wenye silaha, na lini?